Virusi na Saratani za Damu (4): Burkitt, Taya la Mtoto na Ramani ya Mbu

Sir Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, alifariki Uingereza tarehe 6 Februari 2024 akiwa na miaka 102. Virusi vyenye jina lake viligunduliwa London, ila nyama vilimopatikana ilitoka hapa kwa jirani, Uganda. Saratani hii huanza chembe nyeupe za kinga zinapoasi; tuelekee Kampala moja kwa moja.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, aliitwa katika hospitali ya Mulago kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Meno yalikuwa yakicheza kwenye ufizi. Si muda mrefu baadaye, akiwa kazini Jinja, alitupa jicho nje ya dirisha, akamwona mtoto mwingine kando ya mama yake, uso umeharibika vilevile. Nasema alitupa jicho kwa sababu alikuwa nalo moja tu. Jingine lilipotea ajalini utotoni. Wapo wenye macho mawili ambao wangepita.

Burkitt alifukua majalada ya hospitali, akakuta watoto wengi wenye uvimbe wa taya walikuwa na uvimbe mwingine tumboni. Madaktari walikuwa wameuhesabu kila uvimbe kama ugonjwa tofauti; kumbe ulikuwa mmoja, saratani ambayo leo ina jina la Burkitt. Akapata msaada wa pauni 25, akachapisha vipeperushi vyenye picha na kuvisambaza katika hospitali za Afrika: mmeuona huu? Majibu yalipokuja, alichoma vipini kwenye ramani. Pauni 25! Siku hizi fedha hizo hazitoshi chai ya warsha ya siku moja katika hoteli zetu, na warsha ikiisha hakuna aliyechoma hata kipini kimoja.

Oktoba 1961 alitoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, ndani ya Ford kuukuu. Walikwenda hadi Afrika Kusini na kurudi, majuma kumi, maili 10,000, hospitali 57, wakiuliza swali lilelile. Walichotaka kujua ni mahali ambapo ugonjwa unaishia. Karibu na ikweta, waligundua, haupandi zaidi ya futi 5,000 hivi, na haupendi baridi wala ukame. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi wa Entebbe, alitambua kwamba ramani hiyo ni ya maradhi yaletwayo na mbu.

Miezi michache kabla ya safari hiyo, Machi 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na Epstein alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Wakakubaliana Kampala itume vipande vya uvimbe kwa ndege. Kwa muda mrefu hadubini haikuonyesha kitu. Desemba 1963 ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester, kichupa kikachelewa, maji yake yakachafuka. Badala ya kumwaga, Epstein aliangalia tone: chembe za saratani zilikuwa zikielea, hai. Pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong alizikuza, na mwaka 1964 wakatangaza virusi ndani yake, viitwavyo leo Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Kitendawili kikabaki. Virusi hivi huenezwa kwa mate, na karibu watoto wetu wote huwa wamevipata wakiwa wadogo mno, wawe wa Buruburu au wa Mathare hapa Nairobi. Mbona hawaugui wote? Jibu lina malaria ndani yake. Malaria ya mara kwa mara hudhoofisha ulinzi dhidi ya virusi na kuzichochea chembe za kinga zizaane bila kupumzika. Katika pilikapilika hiyo kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kujiunga mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye ya 14, na jeni inayoamuru chembe zigawanyike hukwama kama kanyagio la mafuta la matatu. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Nairobi iko juu ya mstari wa Burkitt, malaria yetu ni haba, na kwa hiyo wazazi wa Eastlands hawaujui ugonjwa huu. Lakini kila likizo mabasi ya usiku hupakia watoto wetu kwenda kwa nyanya zao Siaya, Homa Bay na Busia, kwenye malaria tele, na wengine hulelewa huko hadi umri wa shule. Wakirudi wamevimba shavu, husingiziwa jino, au jirani aliyeangalia vibaya. Uchawi ndio utambuzi wa mtu asiyetaka kuamka mapema kupanga foleni.

Dawa za kemo zinautibu. Peter Clifford aliwatibu watoto hapa hospitali ya Kenyatta tangu miaka ya 1960, wengine wakapona kabisa. Mpeleke mtoto ocha na chandarua chake. Akivimba taya au tumbo, na uvimbe wa Jumatatu ukawa mkubwa zaidi Ijumaa, mfikishe hospitali ya Mama Lucy siku hiyohiyo, uombe kipande kikapimwe. Na kama ameshang'olewa jino uvimbe usipungue, usikubali ang'olewe la pili.