Kodi ya Watu na Muziki wa Wote

Okestra ni bendi kubwa, pengine ya wapigaji 80, na wote yawapasa kulipwa mishahara. Kama gharama hiyo ingelipwa kwa tikiti peke yake, bei ingepanda hata wasikilizaji wakawa matajiri tu. Ndiyo sababu Uingereza ilikata shauri kwamba fedha za umma zisaidie.

Jambo hili lilianza wakati wa vita. Mwaka 1940 iliundwa halmashauri ya kutunza muziki na sanaa kwa paundi 25,000 za Pilgrim Trust, kisha Serikali ikaongeza fedha zake. Wapigaji walipelekwa viwandani na vijijini. Mwaka 1946 halmashauri hiyo ikawa Arts Council, na sheria ya mwaka 1948 ikaziruhusu halmashauri za miji na wilaya kutumia sehemu ya kodi ya majumba kwa burudani za watu.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini fundi viatu alipie fidla asiyoisikia? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni vitendo. Okestra ipokeayo kodi ya wote sharti iwafikie wote, shuleni, hospitalini na mitaani. Isipofanya hivyo, fundi huyo anayo sababu ya kunung'unika.