Pesa Ziliingia Jioni, Asubuhi Zikafungwa

Wamama na dada zetu, wengi wenu mlisikia nusu ya habari hii sokoni, na nusu hiyo haikuwa ya kweli. Mwenzetu mmoja wa kikundi cha AVEC, anayeuza ndagala wakavu upande wa Kalundu, alichukua mkopo, siku ya kurudisha ikafika, hakuwa na kitu mkononi. Maneno yakaanza: amekula pesa za wamama. Hatutajificha, hata baadhi yetu tunaoandika barua hii ya kila juma tulisema hivyo hivyo. Sasa tumekaa naye, tumeona simu yake na karatasi zake, na ametupa ruhusa tueleze mambo yalivyokuwa. Jina lake tumeliacha.

Ilikuwa wakati wa giza, mwezi haupo, wavuvi wanatoka na taa zao na ndagala wanapatikana vizuri. Kwa ule mkopo alinunua ndagala wabichi alfajiri, akawaanika, akajaza mafuko mawili. Mnunuzi wa Bukavu akampigia simu. Walipatana bei kwa mdomo: dola 240 mafuko yote mawili, pesa zije kwa simu kabla gari halijaondoka. Na zilikuja. Saa kumi na moja jioni ujumbe ukaingia. Yeye si mtoto katika kazi hii, hakuamini ujumbe tu, alifungua menyu akatazama salio, pesa zimo. Akamwambia konvoyeri apakie. Gari likaondoka kuelekea bonde la Ruzizi, Sange, Luvungi, Kamanyola, mpaka Bukavu.

Akaenda kwenye kabini kutoa pesa. Kijana wa kabini akamwambia, «Mama, leo nimeishiwa, urudi kesho.» Nani kati yetu hajaambiwa hivyo? Tena kutembea usiku na dola 240 kwenye kitambaa cha kiunoni si jambo la kushauri mtu. Akalala.

Asubuhi pesa zilikuwa zimefungwa. Alipopiga simu kwa kampuni aliambiwa kwamba mtu aliyezituma ameleta malalamiko: amekosea namba, anaomba arudishiwe. Mpaka neno hilo limalizike hakuna wa kuzigusa. Alipompigia yule mnunuzi, simu ilikuwa imezimwa. Mafuko yalikuwa yamekwisha kupokelewa Bukavu.

Hapa tunataka tusimame kidogo, kwa sababu wengine mmeuliza: kampuni inawezaje kufunga pesa ambazo zimekwisha kuingia kwangu? Inaweza, na iko na sababu. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyetuma minervali ya mtoto, akakosea tarakimu moja, pesa zikaenda kwa mgeni. Kwa ajili ya watu kama hao mlango wa kurudisha umewekwa. Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007, mtu aliyekosea hupeleka ule ujumbe wa malipo kwa namba 456 na kuomba pesa zirudi. Kwetu Kongo M-Pesa ya Vodacom ilifika mwaka 2012, na Airtel na Orange nao wana huduma zao, na kila moja ina njia yake ya kupokea malalamiko ya aliyekosea. Mlango huo ni mzuri. Shida ni kwamba mwizi naye ameujua. Anakulipa kweli, anachukua mali, kisha anajifanya mtu aliyekosea namba. Huyu ni mbaya kuliko yule wa ujumbe wa uongo, maana ukitazama salio lako unamkuta mwizi wa ujumbe, lakini huyu humkuti: pesa zake ni za kweli, mpaka aziite zirudi.

Mwenzetu aliulizwa swali moja tu: una nini cha kuonyesha kwamba mlikuwa na biashara? Hakuwa na kitu. Mapatano yalikuwa ya sauti, hakuna ujumbe hata mmoja ulioandikwa. Hakuandika risiti. Na jambo la pili lilikuwa baya zaidi: laini yake haikuwa ya jina lake. Shemeji yake ndiye aliyeisajili miaka mingi iliyopita, kwa sababu siku ile mama hakuwa na kadi ya mchaguzi, na shemeji sasa anaishi Kinshasa. Kwa kampuni, mwenye zile pesa ni shemeji. Mama amefanya biashara kwa laini hiyo miaka yote, amelipa karo, amenunua bati za nyumba, na siku ya shida anaambiwa, «Mwenye namba aje mwenyewe.»

Tuliuliza kikundini, wangapi kati yetu tuna laini isiyo ya jina letu? Mikono iliyoinuka ilikuwa mingi kuliko tulivyotegemea. Laini ya bwana, ya kaka, ya mtoto wa jirani. Tuliinama chini.

Kilichomwokoa ni kitu ambacho yeye mwenyewe hakukithamini. Yule konvoyeri ni mtu wa utaratibu. Alipopokea mafuko aliandika karatasi ya mzigo: mafuko mawili ya ndagala, tarehe, namba ya gari, jina la mpokeaji na namba yake ya simu. Nakala ilibaki kwa mama, ameifungia chumvi. Namba ya mpokeaji kwenye karatasi ile ilikuwa ndiyo namba iliyotuma pesa. Sasa mtu anawezaje kusema alikosea namba, akampelekea pesa mtu asiyemjua, na mtu huyo huyo akampelekea mafuko mawili ya ndagala siku ile ile? Shemeji alitafutwa, akatoa maelezo yake Kinshasa, karatasi ikapigwa picha ikapelekwa. Siku ya 23 pesa zilifunguliwa, zote.

Lakini siku 23 si mchezo. Giza lilikwisha, mbalamwezi ikatoka, ndagala wakaadimika, na mama hakuwa na mtaji wa kununua hata beseni moja. Mkopo ulichelewa na faini ikaandikwa kwenye kitabu. Watoto walirudishwa shule mara mbili. Na yale maneno ya sokoni, hayo hakuna kampuni ya kuyarudisha.

Baada ya kusikia habari hii, mwanachama wetu mmoja aliye na dada Marekani alicheka kwa uchungu akasema, «Huko kwao ndiyo kila siku.» Mnajua kwamba watu wetu wengi wa Kivu ya Kusini wamepelekwa kuishi kule kama wakimbizi, na baadhi yao wamefungua biashara ndogo. Dada huyo anauza vitenge na nguo za kushonwa, na wateja wake wanalipa kwa kadi ya benki. Tulimpigia tukiwa pamoja, tukaweka sauti kubwa, akatueleza kwa muda mrefu mpaka unite zikakaribia kwisha.

Kule mfanyabiashara hapokei pesa za kadi moja kwa moja. Anafungua akaunti ya kupokelea malipo, kwenye benki au kwenye kampuni inayosimama kati yake na benki. Mteja akilipa, pesa zinapita humo. Mteja asiporidhika, au akisema hakununua yeye, anaweza kuipigia benki yake mwenyewe. Benki inazitoa pesa kwenye akaunti ya muuzaji na kumrudishia mteja. Kwa kadi za Visa na Mastercard, mara nyingi mteja ana hadi siku 120 za kulalamika, yaani karibu miezi minne. Kitenge kimekwisha kushonwa, kimevaliwa kwenye harusi na kufuliwa, na pesa bado zinaweza kurudi nyuma.

Muuzaji anapoteza mara tatu. Pesa zimekwenda, nguo imekwenda, na juu yake anatozwa ada ya malalamiko yenyewe. Kampuni ya Stripe, kwa mfano, hutoza dola 15 huko Marekani. Kwa nguo ya dola 40, hesabuni wenyewe. Anaruhusiwa kujitetea, lakini ndani ya siku chache, na kwa ushahidi tu: risiti, namba ya mzigo posta, ujumbe alioandikiana na mteja.

Jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba hata akishinda kesi zake, benki inahesabu ni malalamiko mangapi yanakuja kwake kila mwezi. Yakizidi kiasi, benki inaanza kumwona muuzaji kama mtu wa hatari. Inaweza kushika sehemu ya mauzo yake kama amana kwa miezi, au kuifunga akaunti kabisa. Ikiifunga kwa sababu hiyo, jina la biashara linaweza kuwekwa kwenye orodha ya Mastercard ambayo benki nyingine huitazama kabla ya kukubali mtu, na linakaa humo miaka mitano. Miaka mitano bila kupokea kadi, mahali ambapo karibu kila mtu analipa kwa kadi!

Na sababu ya malalamiko yake mengi? Si wizi. Biashara yake inajulikana kwa jina la duka, lakini kwenye karatasi ya benki ya mteja lilikuwa linatokea jina la ukoo wa mume wake. Mteja anaona dola 40 zimekwenda kwa jina asilolijua, anaogopa, anaipigia benki. Alipobadilisha jina hilo likawa lile la duka, na akaanza kumwandikia kila mteja siku anayotuma mzigo, malalamiko yalipungua. Jina tu! Wakati huo sisi tulikuwa tunamfikiria shemeji wa Kinshasa.

Tumerudi kwetu Uvira. Katika mkutano wetu tulikubaliana mambo machache, na si yote yaliyopita bila kelele. Faini ya mwenzetu imefutwa. Wawili walipinga, wakasema sheria ni sheria, na tunawaheshimu, lakini wengi waliona kwamba aliyeibiwa haadhibiwi. Tumeomba kwamba anayeuza kwa mtu wa mbali amwandikie mnunuzi ujumbe kabla ya kupakia, mfupi tu: mafuko mangapi, bei gani, namba gani italipa, na angoje ajibiwe «ndiyo». Asiyejua kuandika, mtoto wake wa shule amsaidie. Namba itakayolipa iwe ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya mzigo, na ikiwa pesa zimetoka kwa namba nyingine, gari lingoje. Mama mmoja wa Mulongwe aliuliza, na konvoyeri asipotaka kungoja? Basi mafuko yashuke. Afadhali ndagala walale nyumbani kwako.

Jambo jingine: mtu akikupigia na kusema, «Mama, nimekosea, nimekutumia pesa, nirudishie,» usimrudishie kwa mkono wako mwenyewe. Mwambie aende kwa kampuni. Wengine wanakuomba urudishe, halafu wanalalamika pia, na unalipa mara mbili.

Kuhusu laini, hatukuweza kumaliza. Kubadilisha jina la mwenye laini kunataka yule aliyeisajili awepo au atoe maelezo yake, na kuna wamama ambao aliyesajili amekufa, au wameachana, au haongei nao. Wengine wanaogopa kupoteza namba ambayo wateja wote wanaijua. Shauri lililotolewa ni kufungua laini mpya kwa jina lako, kuanza kupokelea malipo huko, na kuwapa wateja namba hiyo polepole huku ile ya zamani ikibaki ya kuongelea tu.

Alhamisi, saa nane mchana, tutakaa mahali petu pa siku zote. Kila mmoja aje na simu yake na kitambulisho chochote alicho nacho, kadi ya mchaguzi au nyingine, ili tujue nani ana laini ya nani kabla ya kwenda pamoja kwenye duka la kampuni. Mwenzetu wa Kalundu atakuwapo na karatasi yake ya mzigo, na ameahidi kuleta ndagala. Giza limerudi, na juzi alinunua tena.