Askari Anayetaka Kuacha Pombe Asiache Peke Yake

Katika jeshi na katika polisi, si aibu askari kuugua. Mguu wake ukivunjika, wenzake humbeba. Akishikwa na malaria, huondolewa katika zamu ya lindo mpaka apone. Lakini yule ambaye mikono yake hutetemeka kila asubuhi mpaka apate waragi, huyo hujificha. Huogopa kuchekwa, huogopa kuvuliwa cheo, basi hunyamaza. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua. Na kwa mtu aliyekabidhiwa bunduki na risasi, kilio hicho chaweza kuwa cha nyumba nyingi.

Leo, ndugu askari, tunapenda kueleza juu ya vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe. Kikubwa kati ya hivyo ni Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotajwa majina, ambacho kwa kifupi huitwa A.A. Inafaa ijulikane kwamba mmoja wa waanzilishi wake alikuwa askari. Bill Wilson alipokuwa ofisa kijana katika jeshi la Marekani mwaka 1917, ndipo alipoonja pombe mara ya kwanza, katika karamu walizoalikwa maofisa. Baada ya vita alifanya kazi ya hisa mjini New York, na pombe ikamwangusha. Aliacha kunywa mwezi wa Desemba 1934.

Miezi michache baadaye alisafiri kwa shughuli zake hadi mji wa Akron, jimbo la Ohio, na shughuli hizo zikaharibika. Akiwa peke yake hotelini, huku akisikia vicheko vya wanywaji katika baa, aliona kwamba anakaribia kurudia. Badala ya kuingia baa, alikwenda kwenye simu akawapigia viongozi wa dini, akiomba aonyeshwe mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Hivyo ndivyo alivyokutanishwa, mwezi wa Mei 1935, na Dk. Bob Smith, mpasuaji ambaye naye alikuwa ameshindwa na pombe. Daktari huyo alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa A.A. Mafunzo ni dhahiri: mlevi alimtafuta mlevi mwenzake, na wote wawili wakapona.

Je, mkutanoni hufanyika nini? Watu huketi pamoja, na mmoja wao huongoza. Kila anayetaka kusema hutaja jina lake la kwanza tu, bila cheo. Koplo na kanali wapo sawa. Hueleza jinsi pombe ilivyomtesa, jinsi alivyoacha, na jinsi anavyoishi sasa. Asiyetaka kusema husikiliza. Hakuna ada, hupitishwa kikapu, na asiye na kitu hatoi. Sharti la uanachama ni moja tu: nia ya kuacha kunywa. Wanachama hutaja Mungu kama kila mtu anavyomfahamu, hivyo Mwislamu na Mkristo huketi pamoja bila ugomvi. Wala haapi mtu kwamba hatakunywa maisha yake yote. Huazimia kutokunywa leo, na kesho huazimia tena. Yanayosemwa humo hayatolewi nje.

Kwetu Uganda jambo hili lisionekane geni. Chungu cha malwa hakinywewi na mtu mmoja. Watu hukizunguka, kila mmoja na mrija wake. Ikiwa tulijifunza kunywa katika duara la wenzetu, ni ajabu gani kujifunza kuacha katika duara vilevile?

Wala si njia ya wanyonge. Mwaka 1978 Betty Ford, mke wa aliyekuwa Rais wa Marekani, aliingia katika hospitali ya jeshi la wanamaji huko Long Beach, California, kutibiwa pombe na dawa alizozizoea. Hakuficha ugonjwa wake, na mwaka 1982 kikafunguliwa kituo cha tiba chenye jina lake. Aidha, uchambuzi wa taasisi ya Cochrane uliotolewa mwaka 2020, uliokusanya tafiti 27 zenye watu 10,565, ulionyesha kwamba tiba inayomwongoza mgonjwa katika A.A. huwasaidia watu wakae bila pombe sawa na tiba nyingine, na mara nyingi zaidi yake.

Anayetaka kuanza afanye hivi. Kwanza, amwone daktari. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akikata ghafula, huweza kushikwa na kifafa au kuchanganyikiwa akili katika siku 3 au 4 za kwanza, na hata kufa. Hospitali ya Butabika mjini Kampala ina kitengo cha kutibu ulevi. Pili, amwulize daktari huyo, au kasisi, au imamu, mahali kikundi kilipo; mikutano ya A.A. hufanyika Kampala na Nairobi. Tatu, asihukumu kwa mkutano mmoja, bali ahudhurie kadhaa na achukue namba ya simu ya mwanachama mmoja, ili aipige kabla ya kunywa, si baada yake. Aliye mbali na mji asikate tamaa, kwani kikundi cha kwanza kilikuwa watu wawili.

Nanyi wakuu wa vikosi, askari akija mwenyewe kuomba ruhusa ya kwenda kutibiwa, msimcheke. Aliyelewa asikabidhiwe silaha; hilo halina mjadala. Lakini anayekiri ugonjwa wake mapema amewaepusha wenzake na hatari kabla haijatokea. Huyo hajatoroka lindo, amelilinda.