Saa ya Mkono Haijui Tansiyo Yako

Swali ni lilelile, iwe huku Miti au Bukavu: "Daktari, saa yangu imeandika 118 kwa 76. Bado nimeze dawa za tansiyo?" Mara nyingi anayeuliza ameshaziacha.

Zirudie leo. Namba hiyo haikupimwa.

Tansiyo ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa, na nguvu haijulikani mpaka ushindane nayo. Ndiyo maana muuguzi anakufunga kitambaa mkononi, anakijaza hewa hadi mshipa uzibe, kisha anaiachia polepole. Saa uliyonunua sokoni Kadutu haizibi mshipa wowote. Chini yake kuna taa ya kijani: kila moyo unapopiga, damu inameza mwanga zaidi, na saa inahesabu mapigo. Mapigo basi. Kutoka hapo programu inachukua umri na uzito ulioandika siku ya kwanza na kukisia. Mgonjwa wa tansiyo anakisiwa kama mtu mzima wa afya, naye anafurahi. Ifunge saa hiyo kwenye taulo iliyokunjwa au kwenye ndizi uone: baadhi zitakuandikia mapigo, na tansiyo juu yake. Ndizi haina damu!

Naambiwa saa za bei kubwa ni tofauti. Samsung yenyewe inataka saa yake ilinganishwe upya na mashine ya kitambaa kila siku 28. Kampuni ya Omron ilipotaka saa inayopima kweli, iliweka ndani ya mkanda mfuko wa kujaza hewa. Hata hao wawili hawakukikwepa kitambaa.

Kwa sukari kosa linaua haraka zaidi. Tarehe 21 Februari 2024 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitangaza kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Saa ikisema sukari ni 250 mg/dl wakati damu ina 80, na mgonjwa akajidunga insulini kwa kuiamini, anaweza kuzimia na kufa kabla hakujakucha. Muuzaji anayesema "haina sindano, haina maumivu" anauza hatari hiyo.

Basi fanyeni hivi. Saa ihesabu hatua, na mapigo ukiwa umetulia. Yakikaa juu ya 100 kwa dakika, nenda kituo cha afya. Tansiyo: kaa dakika 5, miguu chini, mkono mezani, usiongee, pima mara 2. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti (ile 14 kwa 9 ya wauguzi wetu), ni ugonjwa. Sukari: tone la damu ya kidole asubuhi kabla ya kula, 126 au zaidi mara 2, nenda kituoni uanze matibabu. Mashine ya kitambaa cha mkono wa juu mnaweza kuinunua kwa likirimba (mchango wa pamoja), moja kwa familia kadhaa. Ipelekeni kwanza kituoni mlinganishe na ya muuguzi. Dawa aipunguze aliyekuandikia.