Sura ya Tano: Maneno ya Jirani, Hesabu ya Ndugu

Mji wa Garissa una soko ambalo wenyeji huliita Soko Mugdi. Soko ni Kiswahili. Mugdi, kwa Kisomali, ni giza. Mji huohuo una mtaa uitwao Bulla Iftin, na iftin ni mwanga. Ukimsikiliza mzee anayezungumza Kisomali kitupu, atalitaja soko hilo kuwa Suuq Mugdi, na hapo ndipo swali la sura hii linapozuka. Soko na suuq yamefanana mno. Je, Kiswahili na Kisomali ni ndugu?

Si ndugu. Maneno hayo mawili yametoka kwa Kiarabu, kila lugha ikichukua kwa wakati wake. Watu wawili wakishona nguo kwa kitambaa cha duka moja, hawawi watoto wa mama mmoja. Mtu wa Manila naye huita meza mesa, kwa kuwa Wahispania walitawala Ufilipino; sisi tulilipata neno letu kwa Wareno. Kufanana huko hakukifanyi Kifilipino kuwa lugha ya Kibantu. Kunaonyesha tu mabaharia walitia nanga wapi.

Kiswahili ni Kibantu, na miongoni mwa jamaa zake wa karibu kabisa ni Kipokomo, kinachozungumzwa kando ya Mto Tana, na lugha za Mijikenda. Kisomali ni Kikushi, pamoja na Kioromo, Kirendile na Kiaweer cha Waboni wa Lamu na Ijara. Ukoo wake mkubwa, wa Kiafroasia, unakijumuisha hata Kiarabu, lakini kwa mbali sana.

Undugu wa lugha hupimwaje, basi? Anza na hesabu, kwa maana mtoto hujifunza kuhesabu mapema, na mataifa hayabadilishi tarakimu zao ovyo. Msomali huhesabu kuanzia nne hivi: afar, shan, lix, toddoba, siddeed, sagaal. Sasa sikiliza Kioromo, ambacho Kiorma cha wafugaji wa Tana ni tawi lake. Nne ni afur, tano ni shan, saba ni torba, nane ni saddeet, tisa ni sagal. Hapo huhitaji mtaalamu. Kisha panda basi la Nairobi; ukivuka Tana na kuingia nchi ya Wakamba, utasikia itatu kwa tatu, inya kwa nne, ikumi kwa kumi. Umefika kwa ndugu zake Kiswahili.

Hesabu hizo zina jambo la kushangaza. Kisomali, chenye undugu wa mbali na Kiarabu, kimehifadhi tarakimu zake zote. Kiswahili, kisicho na undugu wowote na Kiarabu, ndicho kilichoazima sita, saba na tisa. Biashara ya pwani iliingia hadi ndani ya hesabu zetu, ilhali moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi zikabaki za Kibantu.

Kipimo cha pili ni kutazama kila lugha inalifanyia nini neno la kuazima. Chukua neno la Kiarabu la mfundishaji, muallim. Mswahili alisikia mu- mwanzoni, akalihesabu pamoja na mtu na mgeni: mwalimu mmoja, walimu wengi. Ngeli ikalimeza. Kitabu nacho kikapata vitabu, kana kwamba ki- yake ilizaliwa hapa. Msomali alilipokea neno lilelile likawa macallin, na wengi wakawa macallimiin. Kisha akalitia kiambishi cha mwisho kinachoonyesha kwamba aliyetajwa anajulikana: macallinka, yule mwalimu, macallimiinta, wale walimu. Tazama vizuri: -ka ni alama ya jinsia ya kiume, -ta ya kike. Mwalimu mmoja ni wa kiume, na walimu wengi, hata wote wakiwa wanaume wenye ndevu, huchukua alama ya kike. Mwanamke naye ni naagta, lakini wanawake ni naagaha, ambapo -ka ya kiume imelainika kuwa -ha baada ya irabu. Kiswahili hupanga ulimwengu kwa ngeli na kuweka alama mbele. Kisomali hupanga kwa jinsia na kuweka alama nyuma.

Hata hivyo, akili za binadamu hukutana. Tukitaka kusisitiza, tunasema, "Ali ndiye aliyekunywa maziwa," au, "Maziwa ndiyo aliyokunywa Ali." Msomali husema, "Cali baa caano cabay," kisha, "Cali caano buu cabay." Baa yake, iliyomo pia ndani ya buu, na ndi- yetu zinafanya kazi moja, ingawa kitenzi chake husubiri mwisho wa sentensi. Na Cali huyo ni Ali yuleyule: katika maandishi ya Kilatini yaliyofanywa rasmi Somalia mwaka 1972, c ni ile ain ya Kiarabu, na x ni ha ya kooni. Cabdi na Xasan ndio Abdi na Hassan wa kwenye vitambulisho vya Kenya.

Ujirani ukidumu, lakini, hufika mbali kuliko maneno. Wailwana, ambao pia huitwa Wamalakote, ni Wabantu wa Tana walioishi karne nyingi na Waorma. Mwaka 2000 mwanaisimu Derek Nurse alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi lugha yao ilivyopokea kutoka kwa Kiorma msamiati, sauti na hata sehemu za sarufi. Bado ni Kibantu, lakini kimelelewa nyumba ya jirani.

Nawaomba walimu wa Garissa walitazame jambo hili kwa moyo. Mtoto wa Kisomali anayekosea upatanisho wa ngeli si mzito wa kichwa; amekuja darasani na sarufi kamili inayoweka alama upande mwingine wa neno. Mwonyeshe macallinka kando ya mwalimu, na ataona mwenyewe. Nawe msomaji, ukifika mji huo, usiulize kwanza maneno yanayofanana. Mwombe mwenyeji wako akuhesabie moja hadi kumi.