Moduli Isiyoitwa Haiji

Paukwa! Pakawa! Leo, wanangu, nawasimulia habari za programu ndogo iitwayo hesabu.py. Imeandikwa kwa Python, lugha aliyoibuni Guido van Rossum huko Uholanzi na kuitoa kwa watu mwaka 1991. Haina vitufe vya kubofya. Unaandika amri kwenye dirisha lenye maandishi matupu, nayo inakujibu kwa maandishi.

Kazi zake ni mbili. Ukiandika python hesabu.py --jumla, inajumlisha namba zilizomo kwenye faili lako. Ukiandika --chora, inazichorea grafu. Kujumlisha, Python inaweza peke yake. Kuchora inahitaji msaada wa matplotlib, moduli ambayo haiji na Python. Lazima uisakinishe mwenyewe, kisha uiite kwa neno import.

Hapa tegeni masikio. Neno import halitaji jina tu likapita. Python ikilikuta husimama, hutafuta faili la moduli, hulisoma na kulitekeleza toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Matplotlib nayo ina jamaa zake inaowaita, akiwamo numpy, na hao wana wao. Ukiliweka neno hilo juu kabisa ya programu, anayetaka jumla tu atangojeshwa bure, kama mgeni aliyeomba chai akawashiwa jiko la pilau. Tena kwenye kompyuta isiyo na matplotlib, programu itakatika palepale na kuandika ModuleNotFoundError, kabla haijajumlisha hata namba moja. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi: kazi nyepesi kukwama kwa sababu ya kitu isichokihitaji.

Basi programu isome amri kwanza na kuiweka katika chaguo, ndipo iite matplotlib:

if chaguo.chora:
    import matplotlib.pyplot as plt

Yaani, ikiwa mtu ameomba kuchora, ilete. Asipoomba, Python inauruka mstari wa pili, na matplotlib haiguswi. Msisahau zile nafasi nne mwanzoni mwa mstari huo. Bila hizo Python itaikataa programu nzima.

Je, ikiitwa tena mahali pengine? Usiwe na wasiwasi. Kila moduli iliyokwisha kupakiwa huwekwa katika sys.modules, na safari ya pili huchukuliwa humo bila kusomwa upya.

Lakini msiende mkatawanya import kila kona. PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python, unashauri zikae juu ya faili, na ni shauri jema: msomaji anaona mara moja programu inategemea nini. Moduli nyepesi kama sys ziacheni huko juu. Ni ile nzito, yenye kazi ya mara mojamoja, inayostahili kungoja.

Sasa jaribuni wenyewe. Andikeni python -X importtime hesabu.py --jumla, amri iliyopo tangu Python 3.7. Itawaorodheshea kila moduli iliyopakiwa na muda iliochukua. Msipoiona matplotlib humo, mmeipanga sawasawa.