Kuta za Murang'a

Msafiri anayeteremka kutoka Nyeri kwenda Murang'a, mji ulioitwa Fort Hall zama za ukoloni, hupita kati ya migongo ya udongo mwekundu na mashamba ya kahawa, na kama hana haraka namsihi aingie katika kanisa kuu la Mtakatifu Yakobo, kwani imo humo michoro mitano ya ukutani ambayo, kwa rai yangu, ni miongoni mwa milango mikuu ya sanaa yetu ya kisasa.

Kanisa hilo lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo wa Kikuyu waliouawa zama za uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni kwa kukataa kula kiapo chake. Na nchi ilikuwa ingali chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952, raia wamehamishiwa kwa nguvu katika vijiji vya mahandaki na seng'enge, ndugu hamwamini nduguye. Aliyetwaa kazi ya kuzipamba kuta ni Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu chini ya Kilimanjaro, mwanafunzi wa Makerere, naye akaikamilisha mwaka 1959. Alichora Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa, walakini hakuazima sura Ulaya: Masihi ni mtu mweusi, na vilima vilivyomzunguka ni vilima vya Ukikuyu, vile vile avionavyo muumini atokapo mlangoni. Kanisa lilikumbuka wafu wa upande mmoja. Bali mbele ya mwili ule mweusi msalabani, hata mama ambaye mwanawe alifia msituni upande wa Mau Mau angeweza kulia.

Wakorea nao walipita njia ya jinsi hiyo, ya kuugeuza msiba kuwa sanaa. Walitawaliwa na Wajapani tangu 1910 hadi 1945, kisha nchi ikakatwa pande mbili. Na jeshi la Korea Kusini lilipoua raia mjini Gwangju, Mei 1980, msanii Hong Sung-dam na wenziwe walishika patasi, wakachonga mbao na kupiga chapa karatasini, sanaa nyepesi ya kupita mkono kwa mkono, ikaitwa minjung, yaani ya umma.

Huku kwetu, mwaka 1965 Njau na wenziwe walianzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa mjini Nairobi, akawa akiwafundisha vijana kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Moto uliizukia nyumba hiyo mwaka 1997, ukateketeza kazi nyingi zisizo na mfano. Zile za Murang'a, kwa kuwa ziliungana na ukuta, zilisalimika.